Kiti cha Nane

Kila asubuhi, kabla malori ya samaki hayajaanza kupigiana honi bandarini, Nagira Kyohei aliingia kwa mlango wa jikoni wa bweni la wachezaji. Alivua viatu, akavigeuza ncha zitazame nje, akapita moja kwa moja mpaka chumba cha Mama Tokie, mpishi wa bweni. Hakubisha hodi, maana Mama Tokie alikwisha kumwambia zamani kwamba mtu haombi ruhusa kwenda kumwamkia baba.

Humo chumbani mlikuwa na madhabahu ndogo ya mbao nyeusi, na ndani yake picha ya marehemu Gisaburo, mume wa Mama Tokie. Nagira alipiga magoti mkekani, akakalia visigino, akawasha kijiti cha udi, akagonga kengele mara moja, akainama. Kisha akaenda kula wali, supu na samaki wake pamoja na vijana. Miaka kumi na miwili hakukosa asubuhi hata moja, ila timu ilipokuwa safarini.

Gisaburo alikuwa mtunza njumu wa klabu. Baada ya kila mechi aliziosha, akazianika, na ndani ya ulimi wa kiatu cha kulia akaandika kwa wino mweusi mchezaji huyo amefikisha mechi ya ngapi. Alikuwa na sharti moja. "Njumu ikirudi safi, haikucheza," alisema. "Siandiki." Nagira alifika kwake akiwa na miaka kumi na minane, mtoto asiye na baba, na Gisaburo akamwandikia mechi sitini na moja kabla ugonjwa haujamlaza. Siku ya mwisho alimshika kifundo cha mkono. "Ya mia nne uniletee," alisema. "Hata kama nimekufa, uniletee." Tangu siku hiyo kalamu aliishika Mama Tokie. Sasa Nagira alikuwa na miaka thelathini na minne, na namba ya mwisho aliyomwandikia ilikuwa mia tatu tisini na tisa.

Alikuwa kiungo. Huko Yaizu, mji wa pwani ya Japani, mpira wa miguu ni kama chai, mtoto hupewa kabla hajaota meno, na watu wa mji ule hawadanganyiki na mbwembwe. Walimpenda Nagira kwa sababu hakuwa nazo. Alikimbia kidogo kuliko wote. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshatazama mara mbili, bega la kushoto, bega la kulia, kama mwizi anayetaka kuvuka barabara. Akiupata aliugusa mara moja tu, kwa upande wa ndani wa mguu wa kushoto, nao ukaondoka bila kelele. Akitaka apewe, hakuita. Alifungua kiganja pembeni ya paja, basi, na mwenye macho alikiona. Mashuti hakupiga. Mabao yake yote yalikuwa sita, na mawili kati ya hayo alisema ni pasi zilizokosa mtu wa kuzipokea.

Lakini pasi zake zilikuwa na ubaya wake. Hakuupeleka mpira mguuni mwa mtu, aliupeleka nusu hatua mbele yake. Ukiwa na mbio, nusu hatua hiyo ilikufikisha golini. Ukiwa mvivu, au umechoka, au umri umekupita, ilikuvua nguo mbele ya watu elfu kumi na tano. Na Nagira alijua kila mara ni nani anayemvua.

Miaka minane nyuma kulikuwa na mshambuliaji aitwaye Sonoda, mtu mzima mwenye watoto wawili, ambaye kwa wiki tatu alificha maumivu ya kisigino. Nagira aliyaona bafuni, jinsi Sonoda alivyokanyaga vigae. Hakusema neno. Jumamosi yake akampigia pasi ile ile, nusu hatua mbele, na Sonoda akaifuata. Mshipa wa kisigino ulikatika kwa sauti iliyosikika hadi jukwaani, kama kuni kavu. Domoto, ambaye siku hizo alikuwa mwalimu msaidizi, ndiye aliyemshika kichwa pale chini, na alipoinuka aliapa kwamba akipewa timu yake mwenyewe, mchezaji anayeficha jeraha hatakanyaga uwanja tena. Jioni ile Nagira aliketi jikoni kwa Mama Tokie akitafuna achari ya figili.

"Mpira ulikuwa mzuri," alisema. "Mguu ndio uliochelewa."

Maneno hayo yalienea klabuni yakawa kama methali, vijana wakiyarithi kwa wakubwa zao. Mama Tokie alikuwa anakata figili. Aliendelea kukata, akalitaja kimoyomoyo jina la Amida, Buda wa rehema, akamwombea Sonoda, na akamwombea zaidi yule aliyekuwa anatafuna.

Sasa Domoto ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu. Na mwaka huu, mwezi wa kumi ulipoanza, Mama Tokie aliona.

Hakuambiwa. Mwanamke aliyewapikia vijana wa mpira miaka thelathini husoma miili kama wengine wanavyosoma gazeti. Kwanza Nagira alipokalia visigino, upande wa kulia ulibaki juu kidogo, unene wa kidole gumba. Kisha akaanza kushika nguzo wakati wa kuinuka. Kisha asubuhi moja ya mvua alimkuta akishuka ngazi za bweni kinyumenyume, mkono ukutani, akidhani hakuna mtu.

"Goti," Mama Tokie alisema siku iliyofuata, udi ukiwa bado unafuka.

"Goti gani?"

"La kulia. Unalikalia kama kuku aliyekalia yai la mwenzake."

Nagira akacheka. "Mama, ungekuwa refa wewe, watu wangehama mji."

"Daktari wa klabu anajua?"

"Daktari wa klabu anajua ninachomwambia. Naenda kuchomwa sindano Shizuoka mjini, kila Jumatatu." Kicheko kikaisha. "Nisikilize. Nimebakiza mechi moja. Moja, Mama. Nikishacheza ya mia nne, goti likitaka litoke liende zake. Lakini Domoto akijua leo, sichezi kesho wala keshokutwa. Unamjua alivyo."

"Namjua."

"Basi hukuona kitu."

Mama Tokie aliitazama picha ya mumewe. Uongo hakuwa amezoea kuusema, na mbele ya madhabahu ndiyo kabisa. "Nimeona," alijibu. "Ila sitasema."

Nagira akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Haikupita wiki, Domoto akaja jikoni mwenyewe, kofia mkononi, akasimama karibu na sufuria kubwa ya supu. Nagira alikuwa nje ya kikosi mechi mbili mfululizo kwa kile alichokiita kubanwa na misuli ya paja.

"Mama, Nagira yukoje?"

"Anakula vizuri, Mwalimu."

"Sikuuliza tumbo."

"Mimi mpishi, Mwalimu. Ninachojua ni tumbo."

Domoto alimtazama, akatazama supu. "Sonoda anauza bima siku hizi," alisema. "Anachechemea nyumba hadi nyumba. Nitamwanzisha Nagira Jumamosi ijayo, Mama, kama hakuna kitu. Kama kipo nitakiona tu." Akavaa kofia, akaenda.

Lakini kabla ya Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo jingine. Jumapili iliyotangulia, ligi ikiwa mapumzikoni, kulikuwa na kisomo cha Gisaburo hekaluni, cha mwaka wa kumi na tatu, maana huko mwaka wa kifo nao huhesabiwa. Klabu nzima ingekuja, maana hapakuwa na mzee pale ambaye njumu zake hazikupita mikononi mwa marehemu. Na kisomo, wote wanajua, ni dakika arobaini za kukaa juu ya visigino mkekani, mgongo wima, bila kuhamahama.

Mama Tokie aliziwaza hizo dakika arobaini mpaka usingizi ukamhama. Kumwambia Nagira asije kusingewezekana. Mtu anayemwamkia baba kila siku, akikosa siku yake kubwa, ndiyo mwanzo wa maswali. Akaona njia moja. Hekalu lina viti vifupi vya mbao kwa ajili ya wazee waliokwisha magoti. Angeomba kiti kimoja zaidi, akifiche nyuma ya nguzo karibu na mahali pa Nagira, na vichwa vyote vikiinama wakati wa sala ndefu, Nagira akivute kimyakimya akikalie. Akaona ni fikra nzuri. Alimshukuru hata Buda kwa kumpa.

Siku moja kabla ya kisomo, mchana, vijana watatu wa bweni walikwenda naye kufagia ukumbi. Mmoja wao alikuwa Katase.

Katase Ibuki alikuwa na miaka ishirini na miwili, kiungo naye, wa mguu wa kushoto naye. Mwaka wake wa kwanza, siku ya wadhamini, Nagira alimpigia pasi asubuhi nzima mbele ya mabwana wa suti, na kila pasi ilikuwa nusu hatua mbele. Katase alikimbia mpaka akatapika. "Tazameni," Nagira aliwaambia mabwana wale, "anakimbia kama mtu aliyebeba bakuli la supu. Usimwage, dogo!" Mabwana walicheka, timu ikacheka, na tangu siku hiyo kijana akaitwa Supu. Mwaka wa tatu huu anaitwa Supu. Kila akiitwa aliitika, na kila mazoezi yakiisha alimwinamia Nagira kwa adabu: "Asante kwa mafunzo, kaka." Mezani alikula bakuli tatu za wali, akapokea kila bakuli kwa mikono miwili. Mama Tokie hakuwahi kumwona amekasirika, na hilo lilimsumbua kuliko hasira.

"Mama, viti vingapi?" Katase aliuliza kutoka stoo.

"Vinane."

Kijana akatokeza kichwa. Akahesabu kwa vidole: wakwe wawili, shemeji mkubwa asiyesikia, mzee wa tiketi na mkewe, kinyozi, mama mwenye duka la tofu. "Wazee ni saba, Mama."

"We weka vinane."

"Wa nane ni nani?"

"Huenda mtu akahitaji."

Haukuwa uongo. Mama Tokie aliupima kichwani kama anavyopima chumvi, akaona haukuwa uongo. Katase alisimama na kiti mikononi, akakitazama, akakigeuza, kama mtu aliyeletewa barua isiyo na jina la mtumaji. Kisha akatabasamu vizuri kabisa.

"Sawa, Mama. Vinane."

Kiti cha nane Mama Tokie alikiweka nyuma ya nguzo kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mbele kabisa, upande wa kulia, alikaa Mama Tokie na jamaa. Nyuma yao rais wa klabu, Mwalimu Domoto, na Nagira kando ya nguzo, suti nyeusi, uso umepakwa utulivu. Wachezaji vijana walikaa nyuma. Mtawa akaingia, akawasalimu, akasema kama wasemavyo watawa wote, "Wenye magoti yaliyochoka msione haya. Viti vipo." Wazee saba wakakaa juu ya viti vyao, huku wakiguna na kutaniana.

Mtawa alikuwa anafungua kitabu, na ndipo Katase alipoinuka.

Alipita kati ya watu kwa soksi zake bila sauti, akaenda nyuma ya nguzo, akakitoa kile kiti. Alikibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba tunu. Akapiga magoti mbele ya Nagira.

"Kaka Nagira. Kiti chako, tafadhali."

Nagira alisema bila kufungua meno, "Si changu."

"Samahani, kaka. Mama alihesabu vinane. Wazee ni saba." Akainama paji mpaka mkekani. "Nisamehe kama hesabu nimekosea mimi."

Akakiweka chini, akarudi nyuma kinyumenyume, kwa adabu yote aliyofunzwa. Mama Tokie aligeuza shingo na kuona kila kitu. Mfiwa mkuu hainuki kisomo kikianza. Alishika rozari yake mpaka punje zikamwingia nyamani. Nagira hakumtazama Katase. Alimtazama Mama Tokie.

Domoto hakugeuza kichwa. Huko kwao anayeikodolea macho aibu ya mtu ameshiriki, kwa hiyo watu wote walitazama mbele, na watu wote waliona.

Kama angekikalia kiti, angekuwa amekiri papo hapo mbele ya Domoto. Nagira akakiacha. Alinyoosha mgongo, akayashusha makalio mpaka visigino, pande zote mbili, sawasawa, kama mtoto wa shule. Ule unene wa kidole gumba ukatoweka. Mama Tokie alisikia kitu kikilia ndani ya goti lile, au alidhani amesikia. Mtawa akaanza.

Dakika arobaini. Mama Tokie amehudhuria vilio vingi, cha mumewe mwenyewe kikiwamo, wala hakuna kilichokuwa kirefu kama hiki. Alisikia pumzi za Nagira nyuma yake. Mwanzo ziliingia na kutoka kwa zamu. Kufikia katikati zikawa zinaingia tu. Harufu ya jasho lake ilipita udi. Mama Tokie aliomba kwa jina la Amida, si kwa ajili ya roho ya mumewe tena, Mungu amsamehe, bali kwa ajili ya mfupa mmoja.

Ikafika zamu ya kufukiza udi. Jamaa walikwenda kwanza, kisha rais wa klabu, kisha Domoto. Domoto alirudi mahali pake, akakaa, akatazama mbele. Ikawa zamu ya Nagira.

Aliweka viganja mkekani. Mguu wa kushoto ulitii. Wa kulia ulikuwa umefungika kama mlango uliopigwa kufuli. Akajaribu tena, na bega likatetemeka. Kiti kilikuwa pale mbele yake. Alinyoosha mkono akishike, na vidole vikaishia hewani. Ndipo Mama Tokie alipoona. Katase hakukiweka kiti kando ya goti. Alikiweka nusu hatua mbele.

Kiungo wa Yaizu, mtu wa mechi mia tatu tisini na tisa, akatambaa. Alikwenda kwa viganja viwili na goti moja, lile jingine likiburutwa nyuma kama mzigo wa mtu mwingine, akakishika kiti, akakipanda kwa mikono mpaka akasimama. Suruali ilikuwa imejikunja mpaka nusu ya muundi. Shemeji asiyesikia, ambaye hajui kunong'ona, aliinama kwa mwenzake akapaza sauti ukumbi mzima:

"Huyu mzee naye ni wa upande wa nani?"

Huko nyuma, kati ya vijana, mtu alikohoa.

Nagira alifukiza udi, akainama mara moja mbele ya picha ya Gisaburo, akatoka nje. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa cha baba yake.

Kwenye chakula Domoto alimwendea Mama Tokie, akainama. "Kisomo kimekuwa kizuri, Mama. Kimetuonyesha mengi. Asante."

"Mwalimu, yule mtoto—"

"Ana miaka thelathini na minne," Domoto alisema kwa upole. "Na Sonoda alikuwa na thelathini na mmoja."

Jumamosi ile Nagira hakuwamo kikosini, wala iliyofuata. Namba yake pale katikati aliicheza Katase, na aliicheza vizuri. Asubuhi mlango wa jikoni haukufunguliwa. Udi Mama Tokie aliuwasha peke yake.

Siku ya tatu baada ya kisomo alimshika Katase jikoni, bakuli likiwa mkononi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponiambia, Mama."

"Mimi sikukuambia kitu!"

"Ndiyo, Mama. Uliniambia vinane."

Mama Tokie alikosa pa kuweka mikono yake. "Na kiti je? Mbona hukumsogezea? Mtu anaonekana hawezi, ungekiweka karibu, ungepungukiwa nini?"

Kijana alitafuna, akameza, akafuta mdomo. "Kiti kilikuwa kizuri," alisema. "Goti ndilo lililochelewa."

Ikabaki mechi moja ya msimu, nyumbani. Hapo mji ndipo ulipoingilia. Mashabiki walikuwa wameshashona bango la namba mia nne, refu kama nyumba tatu. Maua yalikwisha kuagizwa, na picha ya Nagira ilikuwa kwenye kila kikombe cha chai kilichouzwa uwanjani. Watu wa ofisi walimwita Domoto, wakamwambia kiapo chake kinaheshimiwa, lakini bango limeshashonwa. Domoto akasema sawa, atacheza.

Dakika ya themanini na tisa alimwingiza.

Mama Tokie alikuwa jukwaani, kofia ya sufi mpaka masikioni. Uwanja wote ulisimama. Nagira aliingia akitembea, akasimama katikati, akatazama bega la kushoto, bega la kulia. Mpira ulikuwa kwa Katase. Nagira akafungua kiganja pembeni ya paja. Katase alikiona. Alitazama mara mbili kama alivyofundishwa, akagusa mara moja, mpira ukaenda upande wa pili. Ukarudi kwake. Kiganja kilikuwa bado wazi. Ukaenda tena upande wa pili, kwa utulivu na adabu. Mara ya tatu watu wakaanza kupiga kelele, "Mpe! Mpe, Supu!" na Katase akaurudisha kwa kipa.

Refa akapuliza kipenga. Spika zikatangaza mechi ya mia nne, maua yakaletwa, wachezaji wakazunguka uwanja wakiwainamia watu. Katika mechi yake ya mia nne, kiungo aliyeishi kwa pasi hakugusa mpira hata mara moja.

Jioni, Mama Tokie akiwa anaosha mchele, mlango wa jikoni ukafunguka. Nagira alikuwa na njumu mkononi, zimeshikwa kwa kamba. Hakuvua viatu. Alisimama pale pale kizingitini.

"Andika, Mama."

Mama Tokie alifuta mikono, akazipokea, akazigeuza. Hapakuwa na tope wala jani la nyasi, meno ya chini yakimetameta kama yametoka dukani. Alijua sharti la mumewe. Alijua Nagira naye analijua.

"Njumu hizi ni safi," alisema polepole.

"Naona."

"Baba yako hakuandika njumu safi. Mimi pia sijawahi. Nisameh—"

"Viti vinane uliweza kuhesabu, Mama. Mia nne itakushinda?"

Maji ya mchele yalikuwa yanafurika sinki. Mama Tokie aliyafunga. Alikwenda chumbani, akaichukua kalamu mbele ya madhabahu bila kuitazama picha, akarudi, akauvuta ulimi wa kiatu cha kulia, akaandika. Mkono haukumtetemeka. Hilo ndilo lililomtisha.

Nagira aliusoma mwandiko. "Umetoka vizuri."

"Ingia umwekee baba."

"Baba hapokei njumu safi."

"Basi umeniandikisha ya nini?"

"Nilitaka nione kama na wewe unaweza kudanganya." Akazitwaa kwa kamba, akashuka ngazi mbili za nje, upande upande, mkono ukutani, bila kujificha tena.

Alhamisi, siku ya takataka za kuchomwa, Mama Tokie alipeleka mifuko ya bweni kwenye kona. Gari lilikuwa limeshapita likaacha mfuko mmoja tu, mweupe, unaoonekana ndani. Ulibandikwa karatasi ya manjano ya wazoa taka: *Haziruhusiwi leo. Zitenganishwe.* Ndani yake mlikuwa na njumu mbili, na ulimi wa moja umefunuka, namba juu.

Alisimama pale mpaka mama mwenye duka la tofu akamsalimu mara mbili. Kisha akaubandua ule mfuko kutoka kwenye lami, maana umande ulikuwa umeugandisha, akaubeba kwapani mpaka bweni, akauweka chini ya sinki, nyuma ya pipa la achari. Vijana walikuwa wameshaketi, thelathini, wanapiga kelele.

"Mama!" Katase alisema, akimnyooshea bakuli kwa mikono miwili. "Niongezee wali, tafadhali."

Mama Tokie alilipokea bakuli, akafungua sufuria, akamjazia.